Risala ya Kamati ya Ibada kwa Mgeni Rasmi: Mikono ya Yesu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wanakwaya, wageni waalikwa na washarika wote, Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wetu. Kwa ruhusa yako, tunaomba kukueleza jinsi tulivyoiandaa ibada itakayoanza mara baada ya risala hii, ambayo kichwa chake ni Mikono ya Yesu. Mwishoni tutakuwa na ombi moja tu, nalo, tunakutoa wasiwasi mapema, halihusu fedha.

Mgeni Rasmi, hatukuanza vizuri. Kila mjumbe alikwenda nyumbani na Biblia yake kutafuta kila mahali mkono wa Yesu unapotajwa, na tulipokutana tena tulikuwa na masomo zaidi ya 20: binti Yairo akishikwa mkono, Petro akidakwa majini, watoto wakibarikiwa, kidole kikiandika chini mbele ya mwanamke aliyeshtakiwa. Kuyasoma yote kungegeuza ibada kuwa semina. Tulipunguza hadi tukabaki na masomo 5, na la kwanza ni Marko 6:3, ambapo watu wa kwao wanauliza kwa dharau kama huyu si yule seremala. Tulitaka washarika wakumbuke kwamba mikono iliyoponya ilikuwa kwanza mikono ya kazi.

Somo la pili, la mwenye ukoma katika Marko 1, ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi. Sheria katika Mambo ya Walawi 13 ilimtaka mtu huyo akae peke yake nje ya marago na kupiga kelele, "Najisi, najisi," ili watu wajitenge naye. Marko anaeleza kwamba Yesu alinyosha mkono, akamgusa, ndipo akasema, "Nataka, takasika." Mguso ulitangulia uponyaji, aliguswa angali na ukoma wake. Kwa sababu hiyo tumemwagiza msomaji atue kidogo baada ya neno "akamgusa", wala asiukimbilie muujiza.

Tulikuwa tumepanga kwamba baada ya somo hilo washarika wote wasimame na kuinua mikono. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye kiharusi kimeulegeza mkono wake wa kulia, akauliza kwa upole yeye atainua nini. Chumba kilinyamaza. Swali lake lilitufumbua macho, kwani tulikuwa tumeandika ibada iliyojaa mikono yetu, yaani kuinua, kupiga makofi na kushikana, huku mikono tuliyoikusudia ikiwa imesukumwa pembeni. Tuliifuta sehemu hiyo yote, na mahali pake washarika watakaa kimya wakisikia maneno ya Isaya 49:16, "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu."

Kuhusu kuoshana miguu kufuatana na somo la tatu, Yohana 13, ambapo Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu, mazoezi yalitufundisha mengi. Tuliandaa beseni moja na taulo moja kwa watu 12, na kufikia mtu wa tatu taulo lilikuwa limelowa chapachapa, na maji nayo yalikuwa ya baridi kiasi cha mzee mmoja kuruka kitini. Leo kuna mataulo ya kutosha na maji ya uvuguvugu. Tulijifunza pia kwamba kuosha ni rahisi kuliko kuoshwa: waliojitolea kuosha walikuwa wengi, lakini waliokubali kuvua viatu tuliwabembeleza.

Wapo waliopenda kusulubiwa kuigizwe kwa misumari na nyundo. Kamati haikuafiki, kwa kuwa watoto watakuwepo, na kwa kuwa Injili zenyewe hazisimulii kupigiliwa kwa urefu. Badala yake tutasoma habari za Tomaso katika Yohana 20, ambapo aliyefufuka bado ana alama mikononi, naye anamwalika Tomaso aziguse. Yohana hasemi kama Tomaso aligusa kweli, kwa hiyo nasi hatutaigiza. Tutamalizia na Luka 24:50, Bwana akiinua mikono yake na kuwabariki wanafunzi, ndipo Mchungaji atatubariki.

Sasa ombi letu, Mgeni Rasmi. Desturi ingekuweka kwenye kiti cha mbele uwe mtazamaji. Petro naye alimwambia Bwana, "Wewe hutaniosha miguu kamwe," kisha akakubali. Tunakuomba kwa heshima zote ukubali kuwa wa kwanza kuketi mbele ya beseni. Atakayekuosha ni yule mwenzetu tuliyemtaja, kwa mkono wake wa kushoto. Ameomba mwenyewe, na anaomba usimharakishe.

Ni sisi katika Bwana,
Kamati ya Maandalizi ya Ibada