Laptopu za shule hazijafa, mzigo ndo umezidi

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nimekaa na hili jambo tangu kikao cha wazazi cha shule ninayofundisha hapa Moshi, njia ya kupanda Kibosho, wazazi wakaambiwa kila mtoto alete mchango wa kompyuta mpya maana zilizopo zimekufa. Sasa mi ndo mwenye funguo za hicho chumba. Ni mwalimu wa Jiografia, ila siku moja nilimsaidia mkuu kuunga waya wa projekta, basi toka siku hiyo nikawa mwalimu wa kompyuta pia, ndo shule zetu hizo. Kwaiyo nasema nilichokiona kwa macho: hazijafa.

Tulipewa 18. Walileta watalii waliokuja kupanda mlima, wakarudi kwao wakachangishana wakatuma. Laptopu ndogondogo za bei rahisi, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2, diski za kuzunguka za kuhifadhia mafaili, Windows 7. Mwanzo zilienda vizuri tu, ikafika kipindi mtoto anafungua brauza, kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, kengele ya kubadili kipindi inalia bado kanazunguka. Wanafunzi wangu wanasema "mwalimu nimefungua tabu sita", yaani kurasa sita kwa mpigo ndani ya brauza, na kweli ni tabu, maana kila tabu inakula ramu yake, ramu ikijaa mashine inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni kobe, hapo ndo unaona kale kataa ka diski kanawakawaka halafu kila kitu kimeganda hata mshale hausogei. Mashine ni ileile. Kilichobadilika ni kurasa za intaneti, zamani ukurasa ulikuwa maandishi na picha mbili, leo unatafuta notsi za Form Two unashushiwa matangazo, video inayojichezesha yenyewe na vijiprogramu vya kukufuatilia ambavyo hukuviomba (Mhariri usininunie, tovuti za magazeti nazo zimo). Ukipakia watu 30 kwenye Hiace ikashindwa mlima wa Kibosho utasema injini imekufa?

Tatu kati ya hizo niliwahi kuzipeleka kwa fundi mjini. Zilikuwa hazifungui tovuti karibu yoyote, kila ukijaribu linakuja onyo kwamba muunganisho sio salama. Fundi akasema virusi, akapiga Windows upya, akala hela yake. Zikafanya kazi mpaka likizo ya Desemba, zikakaa stoo, Januari kuwasha ugonjwa uleule. Nikawa nimekata tamaa kabisa, ndo jicho likaenda pale kwenye kona ya chini, saa inasema mwaka 2009! Kumbe ndani ya laptopu nyingi za zamani kuna kabetri ka duara, CR2032, kama kale ka rimoti ya gari, kazi yake ni kuitunzia mashine saa ikiwa imezimwa. Kakifa, na betri kubwa nayo ilishachoka, ukichomoa waya tu mashine inasahau tarehe. Sasa tovuti inayoanza na https ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, brauza ikidhani tuko 2009 inaona cheti ambacho siku yake haijafika, inagoma. Sawa na kumpa konda wa basi la Dar tiketi ya kesho, hakupandishi hata ulie. Nilibadilisha vibetri vitatu mwenyewe kwa bisibisi ya kuazima, nikarekebisha tarehe, zikafunguka. Mpaka leo nikipita karibu na duka la yule fundi najisikia vibaya, sio kwake, kwangu mwenyewe.

Ila nisidanganye, sio yote ni betri. Microsoft waliachana na Windows 7 Januari 2020. Brauza ya Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni namba 109, kuanzia Februari 2023 ilipotoka 110 inataka Windows 10 kwenda juu. Firefox, brauza nyingine, nayo kwa Windows 7 iliishia 115, ingawa wao waliendelea kutoa viraka vya usalama kwa hiyo 115 muda mrefu tu baadaye. Kwaiyo ukibaki hapohapo, taratibu tovuti zinaanza kukuletea ukurasa mweupe, na kumruhusu mtoto aandike pasiwedi kwenye brauza isiyozibwa matundu sio jambo la kuchezea.

Tulichofanya ni kuchinja. Tano zilizovunjika vioo au zilizogoma kabisa tulizichinja, ramu zake zikaenda kwa wenzake, kwaiyo 18 zikawa 13 na baadhi zikafika GB 4. Kijana mmoja aliyesoma hapahapa akaja Jumamosi mbili na flashi, tukaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce, kwenye tisa. Nne zilizobaki ni za biti 32, yaani prosesa za kizamani, na hizo nakiri zinaelekea ukingoni, tumeweka Debian 12, Linux nyingine, kwa vile Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena ya kuinstoo kwenye mashine za hivo, Chrome iliikimbia Linux ya biti 32 toka 2016 na Firefox za kawaida nazo zimeshaacha. Hizo nne hatuzipeleki intaneti, mashine moja nzima kidogo ina Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, imebeba Wikipedia ndani, zenyewe zinasoma kutoka humo bila bando.

Kwenye zile tisa, kitu kilicholeta tofauti kubwa kuliko vyote ni kidude kinaitwa uBlock Origin kwenye Firefox. Ni bure. Kinazuia matangazo yasishuke kabisa, ukurasa unakuwa mwepesi, ramu inapumua na bando la mwezi linafika mwisho wa mwezi. Chrome ya sasa haikikubali tena, ndo maana tumekaa Firefox. Na sheria ya darasa ni tabu tatu, ya nne unafunga moja.

Gharama yote, vibetri, flashi, nauli na chakula cha yule kijana, haifiki bei ya laptopu moja mpya. Na bado wazazi wanadaiwa mchango.

Halafu kuna hili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo imefikia mwisho, na mashine nyingi hazipokei Windows 11 maana inataka TPM 2.0, kachipu ka usalama, na prosesa za karibuni. Ofisi za huko Ulaya na Marekani zitazitoa tu, na mimi naona mtumba huo utatufikia kama nguo zinavyofika soko la Mbuyuni. Wakuu wa shule pokeeni, ni mashine nzuri kuliko zangu hizi, ila ulizeni kwanza ramu ngapi, ni biti 64 au 32, diski ni SSD (isiyozunguka, ya haraka) au ya kuzunguka. Kama ni Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, ulizeni tarehe yake ya mwisho ya kupata apdeti, iko kwenye setingi.

Na nyie vijana mnaotengeneza tovuti za notsi na mitihani, ijaribuni kwenye mashine ya GB 2 kabla hamjaitangaza. Kurasa za matokeo za NECTA ni jedwali tupu la maandishi, zinafunguka hata kwenye ile laptopu yangu mbovu kuliko zote.

Kikao cha bodi ni Ijumaa ijayo. Naenda na moja ya hizo "zilizokufa", nimwombe mwenyekiti atafute mwenyewe ramani ya Mlima Kilimanjaro. Chaja nabeba, maana betri ndo kweli imekufa.

Mwalimu wa Jiografia,
Moshi