Msiishie siku ya hukumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila Epic, kampuni ya michezo ya kompyuta iliyotengeneza Fortnite, na Apple, mwenye duka la programu za iPhone, au Google na serikali ya Marekani, wanapofikishana mahakamani, magazeti yetu huandika kama mechi: nani kashinda, hisa za nani zimeshuka. Kisha kimya. Sisi tunaotengeneza programu za simu tunajua kwamba baada ya hukumu ndipo mambo yanapoanza.

Mimi natengeneza programu ya kuwafundisha watoto hesabu. Duka moja la programu liliwahi kuikataa kwa sababu ya sentensi moja tu: niliwaeleza wazazi kwamba wanaweza kulipia kwenye tovuti yangu. Nilipoifuta, programu ikapita. Ndiyo maana Septemba 2021, jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California alipoiamuru Apple iache kuwakataza watengenezaji kuwaelekeza wateja kwingine, nilifurahi mno, ingawa vichwa vya habari vilisema Epic imeshindwa. Ni kweli, ilishindwa karibu madai yote. Lile moja lililobaki ndilo lililotugusa sisi wadogo.

Zikafuata rufaa, hadi Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza kesi. Apple ikatii kwa namna yake: kiungo cha kumpeleka mteja kulipia kwenye tovuti ya mtengenezaji ruksa, ila mauzo yanayopitia humo yakatwe asilimia 27 badala ya 30 za kawaida. Ongeza makato ya kampuni inayopokea malipo ya kadi, uone kama kuna mtu angejisumbua kuweka hicho kiungo! Mteja naye akikibonyeza, alikutana kwanza na ukurasa wa kumtia hofu. Aprili 30, 2025 jaji yuleyule alisema kampuni imeidharau amri yake kwa makusudi. Aliandika kwamba ndani ya Apple, Phillip Schiller, mmoja wa viongozi wake, alitaka amri itiiwe, lakini Tim Cook, mkuu wa kampuni wakati huo, akawasikiliza watu wa fedha. Habari nzito namna hiyo ilistahili ukurasa wa mbele.

Hoja ya upande wa pili naijua. Kuendesha duka kuna gharama, kuna ukaguzi, kuna usalama. Walipwe, sina ubishi. Lakini anayesema magomvi ya matajiri hayatuhusu akumbuke kwamba Epic ilifungua kesi Agosti 2020, na Novemba mwaka huohuo Apple ikatangaza kwamba wanaoingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka watakatwa asilimia 15 tu.

Sasa tazameni kesi ya Google. Agosti 2024 jaji Amit Mehta alisema kampuni hiyo imehodhi soko la utafutaji wa intaneti kinyume cha sheria. Ushahidi ulionyesha kwamba mwaka 2022 iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya utafutaji iliyowekwa tayari kwenye Safari, kivinjari cha Apple. Septemba 2025 alikataa kuilazimisha iuze kivinjari chake cha Chrome, lakini akaiamuru iwape washindani wanaostahili sehemu ya data zake za utafutaji. Watu wakaishia kwenye Chrome. Namwomba mwandishi wenu wa teknolojia ang'ang'anie hilo la data: nani anapewa, anapewa lini, kwa masharti gani, na nani anakagua kama zinazotolewa ni data za maana au makapi.

Mtengenezaji wa programu za simu