Springi za kuinulia Subaru yako

Kigoma

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimesoma habari za Subaru Legacy yako ya mwaka 1996, inayogusa chini kila unapotoka vijijini Sikonge na shehena ya asali, na nimefurahi kwamba umeniuliza namna ya kuliinua kabla hujampa fundi fedha.

Vile vipande vya mpira vinavyopachikwa katikati ya mizunguko ya springi usivikubali kabisa. Gari litainuka, lakini mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena, na ile michache iliyobaki hubeba mzigo wote hadi ikakatika. Tafuta springi ndefu kidogo zenye waya mnene zaidi, kwa maana unene wa waya ukiongezeka kwa asilimia 10 tu, ugumu wa springi huongezeka kwa karibu nusu. Ndoo ya asali ya lita 20 ina kilo 28 hivi, kwa hiyo ugumu huo uuweke hasa nyuma. Kuinua kusizidi sentimita 4, la sivyo drivishafti, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu, zitakaa mshazari mno, jointi zake ziishe mapema.

Katika gari hili springi imevaa juu ya shokapu, mbele na nyuma. Fundi aibane kwanza kwa vibano viwili vinavyoelekeana ndipo afungue nati ya juu, kwani springi iliyojikaza ikifyatuka inaweza kuua mtu. Shokapu zinazovuja zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Jambo ninalokusihi usimame ulishuhudie mwenyewe ni ukazaji wa boliti za bushi, ile mipira iliyo kwenye maungio ya mikono ya magurudumu. Mafundi wengi huzikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Likishushwa, mpira wa bushi unakuwa umeshajisokota, na masika haimalizi kabla haujachanika. Azishikize kwanza kwa mkono, alishushe gari, alitikise kila pembe, kisha azikaze likiwa limesimama kwa uzito wake. Baada ya hapo lipimwe alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, na taa za mbele zirekebishwe.

Kabla sijaulizia springi huku, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, unitumie vipimo vyote nane.

Ni mimi ndugu yako,
Yusufu