Shukrani za familia ya Mwalimu

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Familia ya marehemu Mwalimu Mkuu tunawashukuru nyote mliotushika mkono tangu alipougua hadi tulipomzika. Jina lake la kuzaliwa hatuliandiki, wengi wenu hamlijui. Hata mama, aliyeishi naye miaka 41, alimwita Mwalimu.

Zile siku 11 za hospitali hatuzisahau. Usiku wa kwanza alikuwa hawezi kumeza hata mate, na mwenye gari tuliyemtegemea alikuwa amezima simu. Kijana wa bodaboda wa nyumba ya pili ndiye aliyesikia mama akigonga bati. Tukapanda mshikaki: Mwalimu katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Kila tulipofika kwenye shimo kijana alipunguza mwendo na kuuliza, "Mwalimu, upo?" Naye akajibu, "Nipo," kama mtoto anayeitikia mahudhurio.

Kijana yule hakuondoka. Mchana alitafuta abiria, usiku alilala kwenye benchi nje ya wodi. Siku ya sita ilipohitajika damu, alituma ujumbe kwenye kundi la waliosoma kwa Mwalimu, na kabla ya adhuhuri watu 17 walikuwa wamepanga foleni. Muuguzi akauliza kama wote ni ndugu wa mgonjwa. Mmoja akajibu, "Darasa la Saba B." Siku ya tisa tulimwita Mwalimu, hakuitikia tena. Alfajiri ya siku ya 11 Mwenyezi Mungu akamchukua.

Nilimuuliza kijana kwa nini alijitesa vile. Akasema, "Dada, jina langu lilikaa miaka miwili kwenye lile daftari."

Daftari lenyewe tunalo hapa nyumbani. Lakini kwanza niseme Mwalimu alitoka wapi. Aliingia kazini mwaka 1976 kwa mlango wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977, walimu hawakutosha, ndipo vijana waliomaliza Darasa la Saba wakachukuliwa wafundishe huku wanajifunza ualimu. Alikuwa na miaka 17. Asubuhi yuko darasani, mchana yuko kwa mwalimu mlezi, jioni anasikiliza masomo redioni. Alitoka na cheti cha ualimu cha Daraja la IIIC, na kwa miaka mingi alisikia watu wakisema "walimu wa UPE" kwa kubeza, asijibu. Alijiendeleza mpaka IIIA. Ualimu mkuu aliupata 1991, akaushika katika shule tatu mpaka alipostaafu 2019.

Alikuwa akisema, "Mtoto akifika Darasa la Tatu hajui kusoma, aliyefeli ni mimi." Basi majina ya watoto hao aliyaandika kwa penseli, na kila Ijumaa kabla ya swala aliwaita mmoja mmoja ofisini wasome mistari michache. Aliyeweza alipewa kifutio, akafuta jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Kurasa nyingine zimetoboka kwa kufutwa. Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza na ada imeshafutwa, wakaja watoto waliokuwa wameikosa shule kwa miaka, wengine wameota ndevu. Daftari likajaa, akanunua la pili.

Kuna jambo alituagiza tuliseme hadharani, kabla sauti haijakatika. Miaka ya mwanzo alichapa. Alichapa kama alivyochapwa. Kisha siku moja alimchapa mtoto kwa kuchelewa, kumbe usiku kucha alikuwa akimuuguza bibi yake. Baada ya hapo aliacha. Kanuni za 2002 zilimruhusu mwalimu mkuu viboko visivyozidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu cha shule yake kilikuwa cheupe, hata mkaguzi mmoja akadhani kimefichwa kingine. (Sisi wanawe, tukiri, tulichapwa kidogo hata baada ya hapo.) Wewe uliyechapwa miaka ile, tunakuomba umsamehe. Na yeyote anayemdai fedha au kitu, tafadhali amwone baba mdogo kabla ya arobaini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume. Masheikh, maimamu na wanafunzi wa madrasa. Padri na wanakwaya waliosimama nasi makaburini. Waratibu elimu na walimu wakuu wenzake, walimu wastaafu, majirani, akina mama waliokuwa jikoni siku tatu bila kulala, vijana waliochimba kaburi, waliokopesha maturubai na viti, mabalozi, wenyeviti, ndugu waliosafiri usiku, waliotuma rambirambi kwa simu wakasahau kuandika majina. Mama mkubwa, aliyemwosha mama miguu siku ile mama asijue yuko wapi, Allah akulipe, sisi hatuna malipo.

Najua nimewaacha wengi. Niliandika majina kwenye karatasi siku ya msiba na karatasi imepotea, na kosa ni langu, si la familia. Kama ulikuja na hukujiona hapa, usiweke moyoni. Mwalimu alikuona.

Mwalimu mkuu wa shule yake ya mwisho alikuja juzi kuomba lile daftari. Lina majina sita ambayo hayajafutwa. Tumempa, pamoja na kifutio.

Khitma itasomwa hapa nyumbani siku ya arobaini, baada ya alasiri. Karibuni. Mola amghufirie makosa yake na awalipe kheri nyote. Amin.

Kwa niaba ya familia,
Binti yake wa kwanza