Shukrani kwa kijana wa boti, Gombe

Jumamosi mama yangu mdogo aliteleza kwenye mawe karibu na maporomoko ya Kakombe, kifundo cha mguu kikavimba papo hapo. Gombe, hifadhi iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, haina barabara, njia ni ziwa tu, na boti ya abiria ilikwishapita.

Kijana aliyekuwa akishusha mizigo ufukweni alipanda mlima kutufuata. Akavua shati lake, akaufunga mguu kwa vijiti viwili, akambeba mama mgongoni hadi chini. Ziwa lilichafuka, akaendesha boti taratibu akiambaa ufuko hadi Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, akatutafutia bajaji. Hela ya mafuta alikataa: "Mpelekeni mama hospitali kwanza."

Wenye boti, mkisikia mgeni kaumia huko, tieni nanga.

Mdogo wangu, mama anaendelea vizuri. Shati lako tunalo, limefuliwa.