Mwenyeji, mgeni na albumini

Dar es Salaam

Neema mpendwa,

Habari za Morogoro? Jaribio lako ni kuona jinsi dawa inavyoshika albumini, protini ya damu, kwa kutazama mng'ao wake unavyopungua dawa ikiongezwa. Huku joto halina huruma, na ndilo la kwanza la kukuonya: usipime albumini bila kudhibiti joto la kyuveti, kile kichupa cha kupimia mwanga. Mng'ao wa triptofani, asidi amino ya protini inayong'aa, hushuka joto likipanda. Kiyoyozi kikizimika katikati, utadhani dawa imeshika protini. Weka 25 °C, na kila ukiongeza dawa subiri dakika mbili tatu.

Albumini ya ng'ombe ya mikromola 2 kwa lita kwenye bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayoshikilia pH), pH 7.4, mililita 3, inatosha. Mizani peke yake haitoshi, maana unga ule huvuta unyevu: pima ufyonzaji kwenye nanomita 280, gawa kwa 43,824, upate mola kwa lita. Chochea kwa mwanga wa nanomita 295 ili tairosini, asidi amino nyingine zinazong'aa, zisiingilie, soma mng'ao kuanzia 305 hadi 450. Kilima kidogo karibu na 328 ni Raman ya maji, yaani mwanga uliotawanywa na maji yenyewe. Kiondoe kwa kutoa spektra ya bafa tupu.

Dawa iwe milimola 2 kwa lita katika ethanoli. Ongeza mikrolita 3 mara 10, ethanoli itaishia asilimia 1 tu.

Wengi huteleza hapa. Dawa ikifyonza mwanga wa 295 (wa kuchochea) au wa 345 (wa mng'ao wenyewe), mng'ao utapungua hata kama haijagusa protini. Pima ufyonzaji wa kila sampuli kwenye mawimbi yote mawili, jumlisha, gawa kwa 2, kisha zidisha mng'ao kwa 10 yenye kipeo hicho. Jumla ikipita 0.3 hivi, mimi ningepunguza dawa kuliko kung'ang'ania masahihisho.

Sasa mwenyeji, yaani beta-saiklodekstrini: molekuli ya sukari yenye umbo la pete, inayoweza kumkaribisha mgeni, yaani dawa, ndani ya tundu lake. Rudia yote, beta-saiklodekstrini ikiwa milimola 5 kwa lita tangu mwanzo, na uwe na sampuli yake na albumini bila dawa. Kiwango cha dawa kushikana na protini kitashuka. Usikimbilie kuandika kwamba umepata muungano wa watatu, yaani dawa, saiklodekstrini na albumini pamoja! Huenda mwenyeji kamzuia mgeni sebuleni tu. Kama mwenyeji na mgeni wanashikana kwa 500 M⁻¹ (kipimo cha nguvu ya kushikana, kikubwa ni imara zaidi), dawa iliyo huru ni 1/(1 + 500 × 0.005), asilimia 29. Hivyo 100,000 M⁻¹ ya albumini itaonekana kama 29,000 bila muujiza wowote. Ukipata namba iliyo mbali na hiyo, hapo ndipo pa kuchimba.

Nitumie namba ghafi, si grafu zilizokwisha kunyooshwa.

Wako,
Asha