Ukifika Ngomeni, Anzia Ukutani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mwezi ujao utawaleta wenzako wa chuo waje kuiona Ngome ya Yesu. Nina ombi moja: usiwatembeze kama nilivyotembezwa mimi nilipokuwa mwanafunzi, tulipoambiwa kwamba Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, Waomani wakaiteka, Waingereza wakaigeuza gereza, kisha tukahimizwa kurudi garini. Nilitoka nikidhani kwamba wenyeji wa Mombasa walikuwa watazamaji tu.

Anzia ukutani. Waambie wapitishe viganja juu ya mawe, wayasikie yanavyokwaruza, kwa kuwa ni matumbawe yale yale yaliyojengea nyumba za Mji wa Kale. Aliyechora ramani, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano; mawe ni ya hapa.

Kisha wasimulie habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake, sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno, naye mtoto akapelekwa Goa, koloni la Wareno huko India, akabatizwa, akaitwa Jerónimo, akalelewa Kireno mpaka akarudishwa kuja kutawala. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia jina lake na dini yake. Mwaka uliofuata aliihama ngome, lakini Wareno walikuwa wameshaonja uchungu.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulipita, nami naliona zito zaidi. Waomani walipoizingira ngome hiyo tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi yaliwafagia Wareno waliokuwamo, hata ikafika wakati katika mwaka 1697 ulinzi wote ukawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwani Pate, na Waswahili wenzake. Watu wa pwani, basi, walikuwa ndani wakilinda, na wengine walikuwa nje upande wa Waomani. Marehemu babu yako hakupenda kabisa kulisikia hilo. Akilisikia hubadilisha mazungumzo. Wewe usiwafiche wenzako.

Nendeni asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, na msikose kuitazama michoro ya merikebu ambayo Wareno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Mkimaliza njooni nyumbani moja kwa moja. Nitakuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Niarifu tu mtakuwa wangapi.

Mimi mama yako.